Wasiofanana ndio wanaokula pamoja: kuwasoma ndege wa Haller Park

Ndani ya Haller Park, kule Bamburi, Mombasa, asubuhi mapema kabla mabasi ya wanafunzi hayajaingia, utadhani ndege wote wa pwani wamealikwa karamu moja. Korongo wa kijivu kasimama majini kimya kama kigingi. Hatua chache kutoka kwake korongo domo-njano ameinama, mdomo kautumbukiza kwenye maji ya tope ukiwa nusu wazi. Yangeyange mweupe anazungukazunguka penye kina kidogo huku akitikisa mguu mmoja. Juu ya tete lililolalia maji katulia mdiria wa buluu, mdogo kuliko ngumi ya mtoto, na kwenye tope la ukingoni kitwitwi anachezesha mkia bila kupumzika. Wote wako kazini, na ni nadra kumwona mmoja akimfukuza mwenzake.

Tumezoea kusema ndege wafananao huruka pamoja. Kuruka, sawa. Linapokuja suala la kula, mambo hugeuka. Ndege wawili wenye miguu ya urefu mmoja na mdomo wa namna moja, wanaowinda samaki yule yule saa ile ile, hawawezi kukaa kwa amani kwenye bwawa dogo. Mmoja atashiba na mwingine atahama. Wanaoweza kukaa pamoja ni wale waliotofautiana. Ukilishika hilo, bustani ya mjini yenye madimbwi na miti mchanganyiko haikuchanganyi tena, kwa sababu unaanza kuona kila ndege amepewa sehemu gani.

Anza na miguu. Korongo wa kijivu ana miguu mirefu, basi anaingia mbali kidogo na ukingo. Yangeyange ni mfupi, anabaki kwenye maji ya kina kidogo. Kitwitwi haingii kabisa, anaokota wadudu pale tope linapokutana na maji. Kwa hiyo kina cha maji ndicho mpaka wa kwanza, na bwawa lenye ukingo wa mteremko mpole lina nafasi nyingi kuliko bwawa lenye kuta zilizosimama wima kama karo.

Lakini korongo wa kijivu na korongo domo-njano wana miguu inayokaribiana urefu, na mara nyingi husimama kwenye kina kimoja. Hapo wengi huchanganyikiwa. Tazama wanavyowinda. Wa kijivu anatumia macho: anahitaji maji yaliyotulia, shingo ameikunja, anasubiri, kisha anaifyatua mara moja. Domo-njano anawinda kwa kugusa. Anauacha mdomo wazi ndani ya maji, anasogeza tope kwa mguu, na samaki akiugusa tu, mdomo unafunga upesi kuliko kope. Maji machafu yanayomtia njaa mwenzake hayamsumbui hata kidogo. Wamesimama mahali pamoja, lakini wanavua kwa hisia mbili tofauti, na huo ndio mpaka wa pili.

Na huyo yangeyange anayetikisa mguu, mwelekezee darubini. Miguu yake ni myeusi, ila vidole ni vya manjano, kama aliyevaa soksi. Anavitikisa ndani ya tope ili vidagaa na kamba wadogo washtuke watoke mafichoni. Ukiona mweupe mwenye mdomo wa manjano anayefuata ng'ombe au swala kwenye majani makavu, huyo ni yangeyange wa aina nyingine, mla panzi, na samaki wa bwawa hawamhusu sana.

Mpaka wa tatu ni saa. Chungulia kwenye vichaka vizito vinavyofunika maji, utamkuta korongo wa usiku kajikunyata, mgongo mweusi, jicho jekundu, amelala mchana kutwa. Jua likishuka na korongo wengine wakirudi kwenye miti yao ya kulala, yeye ndiye anashuka majini. Wanapokezana bwawa moja kama walinzi wa zamu.

Mdiria naye hustahili muda wako. Yule wa rangi nyeusi na nyeupe anaweza kupepea papo kwa papo hewani kisha akajirusha kichwa chini, kwa hiyo anavua hata katikati ya bwawa ambako hakuna tawi la kusimamia. Yule mdogo wa buluu hupendelea kuvua kutoka kwenye tete au tawi la ukingoni. Siku moja nilimtazama kwa karibu akiwa na samaki asiyezidi urefu wa kidole. Alimpigapiga kwenye tawi, kushoto, kulia, mpaka akatulia, kisha akamgeuza mdomoni polepole ili kichwa kitangulie kumezwa. Angemmeza kwa mkia, mapezi na magamba yangemkwama kooni. Mdomo wake ulikuwa mweusi badala ya mwekundu, nami nikajua ni kinda wa mwaka ule, bado yuko shuleni.

Kuna mdiria wa tatu anayewapoteza wengi. Anafanana mno na huyo wa buluu, ila shavuni ana doa la zambarau na utosi wake wa buluu haushuki hadi kwenye jicho. Unamkuta msituni, mbali na maji, akikamata panzi na buibui. Si kila mdiria ni mvuvi.

Bwawa lililochimbwa na kiwanda

Pale palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikila mwamba wa chokaa uliotokana na matumbawe ya kale, ya enzi ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Walichimba hadi wakakaribia usawa wa maji ya ardhini. Kilichobaki ni sakafu nyeupe, ngumu, yenye chumvi, inayochoma macho wakati wa jua kali, na isiyo na udongo wa kushika hata jani.

Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, alianza kupanda miti humo. Aina 26 zilijaribiwa na tatu tu zikaishi: mvinje, mnazi, na mti wa damas unaotoka Somalia. Mvinje ndio uliobeba mzigo. Hauogopi chumvi, na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo unaweza kujilisha pale ambapo hakuna mbolea. Tatizo lilikuwa majani yake. Yale majani membamba kama sindano yalidondoka yakarundikana bila kuoza, kwa sababu yamejaa kemikali chungu iitwayo tanini. Dawa ikapatikana kwa jongoo, yule mkubwa mwenye miguu myekundu anayejulikana na kila mtoto wa pwani. Waliletwa, wakazila sindano, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Pale walipochimba kidogo zaidi, maji ya chini yakajitokeza, yakawa madimbwi ya kufugia samaki. Mwaka 1984 watu wakaanza kuruhusiwa kutembelea. Wengi wanaikumbuka bustani hii kwa Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 na akashikamana na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Mimi naikumbuka kwa jongoo. Bila yeye kusingekuwa na msitu wa kuwaleta ndege.

Ila msitu wa mvinje mtupu ni msitu mkimya. Simama ndani ya sehemu iliyopandwa mivinje peke yake, utasikia zaidi upepo. Sababu iko wazi ukiutazama mti wenyewe. Maua yake huchavushwa na upepo, basi hauna mbochi, yale maji matamu ya ua, wa kumvuta chozi, ndege mdogo mnyonya maua. Mbegu zake ni kavu na ndogo, hauna tunda laini la kumshibisha shore wala hondohondo. Kile unachotoa ni mahali pa kutua. Na kutua, kwa ndege, ni jambo zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu aliyetua huacha kinyesi, na ndani ya kinyesi mna mbegu alizokula kwingine. Chini ya matawi ya mvinje ndipo mbegu za mikuyu na za vichaka vya matunda hupata kivuli na mboji. Watu walipanda miti mingi baada ya ule wa kwanza, na ndege nao wakaongeza yao.

Ndiyo maana ukivuka kutoka mivinje hadi kwenye mchanganyiko wa miti, sauti hubadilika ghafla. Mkuyu ukiwa na matunda huita ninga wa kijani, ambao hawaonekani katikati ya majani mpaka mmoja asogee. Chini ya mkuyu huo huo njiwa wengine huokota kilichodondoka. Kwenye mshubiri na mihibiskasi chozi wananyonya mbochi, wengine wakitoboa ua kwenye kitako na kuiba bila kugusa chavua. Ndani ya kichaka, dudumizi anatoa ile sauti yake ya maji yakimwagika kutoka kwenye chupa, sauti ambayo wazee wetu wengi huichukua kuwa ni habari ya mvua.

Na minazi na mivumo? Tazama chini ya makuti makavu yanayoning'inia. Kuna ndege mwembamba mwenye mabawa kama mundu ambaye maisha yake karibu yote ni hewani. Hubandika manyoya machache kwenye kuti kwa mate yake, na mayai pia huyabandika kwa mate ili upepo usiyaangushe, kisha huatamia akiwa ameshikilia wima kama mtu anayeparamia ukuta. Ukikata makuti yote makavu ili mnazi uonekane nadhifu, umeivunja nyumba yake.

Hapo ndipo uzito wa "miti mchanganyiko" ulipo. Kila aina ya mti huongeza namna nyingine ya kula, ya kulala au ya kutaga. Aina mia za ndege kwenye bustani moja ya mjini zinawezekana tu kama bustani ina zaidi ya jibu moja kwa swali la chakula.

Minana

Hawa wanapaswa kutajwa peke yao, kwa kuwa ndio wanaoonekana kirahisi na ndio wanaowakatisha tamaa wanaoanza. Juu ya maji, kwenye ncha za makuti na matawi yaliyoinama, viota vinaning'inia kwa makumi, na madume ya manjano yanapiga kelele bila kukoma. Kwa nini juu ya maji? Kwa sababu nyoka hupata taabu kufika kwenye ncha nyembamba, na mwizi anayekosea hatua huangukia bwawani.

Dume huanza na pete. Anachana ukanda mrefu wa kuti: anang'ata ukingoni, kisha anaruka huku ameushika, ukanda unachanika wenyewe. Anaufunga kwenye tawi, anauzungusha mpaka pete ikamilike, kisha anasimama ndani yake na kufuma kuelekea mbele. Urefu wa shingo na mwili wake ndio futi yake ya kupimia, kiota hakiwezi kuwa kikubwa kuliko anapofikia. Jike huja kukagua. Akikikataa, nyasi zikaanza kukauka na kugeuka kahawia, dume huyo huyo atakibomoa na kuanza upya, kwani majike hupenda kiota kilicho kibichi.

Kutofautisha aina ndiyo kazi. Pwani yetu ina minana wawili wa dhahabu wanaofanana sana. Wa kwanza, mpenzi wa minazi, ana kichwa cha manjano kinachoelekea chungwa, na jicho jeusi. Wa pili ana jicho lenye wekundu. Basi usianze na manyoya, anza na jicho. Yule wa kichwa cheusi hana utata. Lakini nje ya msimu wa kuzaliana madume wengi hulivua vazi lao, na majike wengi wana rangi iliyofifia mwaka mzima. Hapo hata wazoefu huandika daftarini "mnana" na kuendelea na safari, na hakuna aibu.

Kaskazi na kusi

Ukienda Januari kisha ukarudi Julai, utadhani umeingia bustani nyingine. Mpwani yeyote anazijua pepo mbili, na kalenda ya ndege wageni karibu inafuata majira hayo hayo.

Kuanzia Agosti na Septemba, na zaidi Oktoba na Novemba, wanaingia wanaotoka kaskazini. Kitwitwi wa ukingoni alizaliwa kando ya mto au ziwa huko Ulaya au Asia. Mbayuwayu wanaokata hewa juu ya bwawa wametoka huko huko. Ndani ya mivinje utasikia ndege mdogo wa kijani hafifu anayepekua wadudu, uzito wake ni wa gramu kumi hivi, chini ya vijiko vitatu vya sukari, na ameshavuka jangwa kufika hapa. Wanakaa majira ya kaskazi, na kufikia Aprili wanarudi kuzaliana.

Kusi inapoanza kuvuma, mlango wa pili hufunguka. Kati ya Mei na Septemba wako ndege wanaovuka bahari kutoka Bukini, jina letu la zamani la Madagaska, lile ambalo bado limebaki kwenye bata bukini. Keremkerem wa Bukini, mwenye koo la hudhurungi na mwili wa zeituni, hukaa kwenye nyaya na matawi makavu akidaka nyigu. Adimu zaidi ni korongo mdogo wa Bukini, ambaye yuko hatarini kutoweka. Kwao, wakati wa kuzaliana, ni mweupe. Huku kwetu huja na vazi la michirizi ya kahawia, akafanana na binamu yake wa hapa kiasi kwamba unalazimika kutazama unene wa mdomo na upana wa michirizi. Ukimwona popote pwani, mwandike, tarehe na mahali, na umpelekee anayetunza kumbukumbu za ndege.

Hii pia inajibu swali la nafasi. Bwawa halibebi wote kwa wakati mmoja. Linawabeba kwa zamu za mwaka, kama linavyombeba korongo wa usiku kwa zamu za siku.

Asiyefuata mgawo

Yuko mmoja anayekula kila kitu, saa yoyote, kimo chochote. Kunguru mwenye shingo ya kijivu, yule wa Bara Hindi, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka, na katikati ya karne iliyopita alikuwa ameshafika Mombasa. Anakula jalalani, halafu anaingia bustanini kula mayai na makinda. Kiota cha mnana kilicho salama kwa nyoka si salama kwake, ana akili na hufanya kazi kwa kikundi. Yule kunguru wetu wa asili, mweusi mwenye kifua cheupe, amesukumwa nje ya sehemu kubwa ya miji ya pwani. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru wa Bara Hindi wapatao milioni moja kwa sumu maalumu. Sumu inaweza kusaidia, lakini naamini jalala lililo wazi litawarudisha. Mji unaowalisha hauwezi kuwashinda.

Adui mwingine ni usafi uliokosewa. Niliwahi kwenda mara kwa mara kwenye bustani ya hoteli moja yenye bwawa dogo lililozungukwa na matete. Mwaka mmoja waliyang'oa yote, wakaweka ukingo wa saruji na nyasi zilizonyolewa. Maji yalikuwa yale yale na samaki wale wale. Mdiria aliondoka, maana hakuna pa kutua. Kitwitwi aliondoka, maana hakuna tope. Waliobaki ni kunguru. Niliumia, na nilijaribu kumweleza mtunza bustani, mtu muungwana sana. Akanijibu kuwa wageni hawapendi uchafu.

Kama ndiyo kwanza unaanza, chagua bwawa moja na ukae. Wanaozunguka bustani nzima kwa saa moja huona mikia inayokimbia. Kaa jua likiwa mgongoni, vaa rangi iliyofifia, usinyooshe mkono kuonyesha, na kabla ya kuuliza jina la ndege jiulize anasimama wapi, anakula nini na anakipataje. Mara nyingi jina hufuata lenyewe.

Na kama unaweza kwenda mara mbili tu kwa mwaka, nenda mwishoni mwa Machi, kisha Mei. Mara ya kwanza kitwitwi bado yuko kwenye tope, mnene kwa safari, mkia ukipanda na kushuka. Mara ya pili tope ni lile lile, na nyayo zilizopo ni za yangeyange peke yake. Inua macho kwenye tawi kavu juu yake.